Besi Fupi ya Mzee Haroun

Kibanda changu kiko Soweto West, hapa Kibera, kati ya kinyozi na mama muuza samaki. Natengeneza spika, amplifaya za makanisa, na chochote kingine chenye waya ndani. Kazi hii nilifunzwa na baba yangu. Alipofariki, wateja wake walinihama kwa muda, wakidhani mwanamke atawaunguzia vitu vyao, halafu wakarudi mmoja mmoja. Nalisema hili mapema kwa sababu kiburi changu kilianzia hapo.

Mzee Haroun Fadul alikuja kwangu Jumatatu moja asubuhi, karibu mwezi mzima kabla ya Ramadhani. Nilikuwa namjua kwa sura tu. Ni Mnubi wa mtaa wa Makina, mrefu, mwembamba, na watu wazima wa Kibera bado humwita Haroun wa Besi, maana zamani alipiga gitaa la besi kwenye harusi na mahotelini. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa gurbaba, ile nguo yenye nakshi wanayojifunga akina mama wa Kinubi.

"Usicheke, fundi," akasema akiifungua. "Ni ndogo kama ya mtoto."

Sikucheka. Lilikuwa gitaa la besi jeusi, la bei rahisi, shingo yake fupi kuliko zile nilizozoea kuziona kanisani. Alilipata Soko la Toi, kwa jamaa anayeuza vyombo vya muziki vya mtumba. Akaninyooshea mkono wake wa kushoto. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama mafundo ya kamba.

"Besi ya kawaida siiwezi tena," akasema. "Kutoka noti hii hadi hii ni mbali. Hii fupi naifikia. Shida yake ni moja, inanguruma kama friji."

Akanieleza haraka yake. Kawangware anakaa rafiki yake, mwimbaji aitwaye Shivachi. Walipiga muziki pamoja miaka mingi, wakakosana, wakakaa miaka kumi na miwili bila hata salamu. Sasa walikuwa wamepatana. Kulikuwa na wimbo mmoja waliotunga wawili na hawakuwahi kuurekodi, wimbo wa Nuria, mke wa Mzee Haroun, ambaye alikuwa ameshafariki. Mpwa wa Shivachi ana studio ndogo huko Kawangware, na walipanga kuingia Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Ramadhani ikianza mimi sishiki gitaa," akasema. "Kwa hivyo nitolee hii kelele tu."

Hilo neno "tu" ndilo nililopaswa kulisikia.

Alipoondoka nilifungua besi. Kelele ilikuwa na sababu nyepesi. Waya wa earth ulikuwa umeachana na kile chuma kinachoshikilia nyuzi, na ndani ya shimo hapakuwa na hata kipande cha foili cha kuzuia makelele ya stima. Dawa yake ilikuwa tone la lehemu na foili kidogo. Nusu saa, chai ikiwa bado moto.

Lakini niliendelea kuangalia. Wanamuziki wana kitu wanakiita pikapu, na si gari. Ni kile kipande chenye sumaku na waya mwembamba kama unywele, kinachokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza, kisha kinapeleka sauti kwa amplifaya. Pikapu ya besi ile ilikuwa nyonge. Vile vitufe vya kuzungushia sauti na toni vilikuwa hafifu, vinakwama, na waya zote zilikuwa za kutupa. Mimi nilikuwa nimetazama video nyingi kwa simu, mafundi wa mbali wakichukua besi ya bei ya chini, wakatoa matumbo yote, wakaweka mapya, mpaka besi ikaimba kama ya watu wakubwa. Siku zote nilitaka kuijaribu kazi hiyo. Na hapa palikuwa na mpigaji anayejulikana Kibera nzima. Nikajiambia, watu wakiisikia wataniuliza ni nani alifanya.

Nikampigia simu. "Mzee, hii naweza kuifanya iwe kitu kingine kabisa."

"Itachukua muda?"

"Siku chache."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Niliagiza pikapu mpya, nene, yenye koili mbili ili isingurume, pamoja na vitufe vipya na jeki mpya, lile tundu la kuchomekea waya. Muuzaji akasema siku tano. Nami, badala ya kungoja mzigo ufike, nikaanza kazi. Nilikata waya zote, nikang'oa pikapu ya zamani. Pikapu mpya ilikuwa pana zaidi, basi nikachukua patasi nikapanua shimo kwenye mbao kwa vipimo vya mtandaoni. Nikalibandika foili pande zote, likang'aa kama sufuria mpya. Nilikuwa na raha kweli. Nilipita kwa kinyozi nikamwita aje aone.

Siku tano zikapita. Nikaambiwa mzigo bado uko njiani. Nikampigia Mzee Haroun, akampigia Shivachi, wakaisogeza Jumamosi yao kwa wiki moja. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo.

Jumatano ya wiki hiyo akaja mwenyewe. Hakukaa kwenye stuli. Alisimama mlangoni, akaniita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kageha. Nirudishie tu ile ya zamani. Ikinguruma, wacha ingurume. Kijana wa studio anasema kompyuta yake inaweza kupunguza. Shivachi ananingoja, na mimi sitaki kumwambia tena kesho."

Pikapu ya zamani ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Nilikuwa nimeipima kwa mita juzi yake, na ilikuwa nzima. Ningeweza kuipachika kwa vipande viwili vya mbao, nikarudisha waya, nikaunga ule wa earth, akaondoka nayo mchana huo huo. Lakini besi ilikuwa imelala nyuma yangu, shimo lake wazi, pana, na vidonda vya patasi pembeni. Angeona kwamba nimechonga gitaa lake kabla ya kuwa na kitu cha kuweka ndani. Na sauti ile niliyojiahidi isingesikika. Niliona aibu, na ndani ya aibu palikuwa na tamaa.

"Mzee, ile ya zamani ilikatika ndani," nikasema. "Imekufa."

Aliniangalia, na wala hakuwa na shaka. Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia daktari.

"Basi," akasema. "Kama imekufa, imekufa."

Akatoa simu akampigia Shivachi pale pale mbele yangu. "Ndugu yangu, ni baada ya Idi." Nikamsikia Shivachi akicheka kwa sauti kubwa upande wa pili, akisema kama waliweza miaka kumi na miwili, mwezi mmoja ni nini.

Pikapu ikafika siku ya nne ya Ramadhani. Niliifunga kwa siku moja, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuweka kwenye kazi nyingine. Jioni nikaiunganisha na amplifaya nikagusa uzi mnene. Sauti ilitoka nene, safi, ya duara, na nilipouzima uzi kwa kiganja kukawa kimya kabisa. Mama wa samaki akainua kichwa. Kinyozi akazima mashine yake.

Mzee Haroun alikuja siku ya pili yake, saa tisa hivi, midomo imekauka kwa saumu. Nikamnyooshea besi. Akaweka mikono yake nyuma.

"Piga wewe," akasema. "Uzi mmoja tu nisikie."

Nikapiga. Akafumba macho. Nikapiga tena, akatabasamu, meno yake ya mbele yakaonekana yote. Alitaka kuigusa, niliona bega lake likisogea, lakini hakutoa mikono.

"Iweke," akasema. "Kule kwangu itanitia majaribuni. Baada ya Idi nitakuja kuichukua."

Aliondoka akiwa na furaha, na mimi pia nilikuwa na furaha. Ule uongo haukunisumbua hata kidogo siku hiyo. Niliona kazi imenitetea.

Siku ya ishirini ya mfungo nikapigiwa kwa simu ya Mzee, lakini sauti ilikuwa ya binti yake, Hayat. Tulisoma darasa moja shule ya msingi, ingawa hatukuwa marafiki wa kutembeleana.

"Kageha, besi ya baba iko kwako?"

"Iko, iko tayari."

"Ikae tu. Baba ameanguka juzi, wakati wa kutawadha. Ni stroke. Upande wa kushoto wote umelala."

Nilikaa na simu mkononi. Niliuangalia mkono wangu wa kushoto. Kwenye besi, mkono wa kulia unakwanyua nyuzi, lakini noti zote zinachaguliwa na mkono wa kushoto.

Wiki mbili baada ya Idi nikaenda Makina na besi begani. Hayat alikuwa ameniita, kwa sababu Shivachi alikuwa anakuja kumwona rafiki yake, na Mzee alikuwa ameiuliza besi. Walikuwa wameketi barazani. Mzee alikuwa amepungua, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kushoto umewekwa juu ya mto kama kitu cha kuazima. Shivachi alikuwa mtu mnene, mwenye kifua cha mwimbaji, na gitaa kuukuu magotini.

"Wimbo wa Nuria," Mzee akasema. Maneno yalitoka mazito, kama yamebeba mchanga.

Shivachi akanieleza, kwa sababu mimi sikuujua. "Mimi nauliza, besi inajibu. Nikiimba, 'Nuria, umenifungulia mlango?' nanyamaza, na besi ndiyo inasema. Ndivyo tulivyoutunga. Maneno ni yangu, lakini majibu yote ni yake. Mimi nilikuwa nayasikia tu, sikuwahi kuangalia vidole vyake vinapita wapi."

Mzee akaniashiria nikae kushoto kwake. Tukaiweka besi juu ya mapaja yake, tukaiunganisha na spika ndogo ya Hayat. Mkono wake wa kulia ukashika mahali pake bila kutafuta. Mimi, ambaye sijui kupiga hata wimbo wa Jumapili, ningebonyeza nyuzi kwenye shingo mahali atakaponiambia. Hayat akawasha simu arekodi.

Shivachi akaimba swali la kwanza, taratibu. Mzee akakwanyua. Sauti ikatoka nzuri sana, na ilikuwa noti mbaya.

"Chini," akasema. Nikashuka. "Chini tena. Hapo." Noti ya pili. "Juu. Hapana, uzi mwingine." Tukapata noti tatu, nne, tano zikifuatana, na Shivachi akapiga paja lake, "Hiyo! Hiyo yenyewe!" Kisha ikaja mahali ambapo noti mbili zinateleza moja ndani ya nyingine, na mimi sikuweza. Alinieleza, nikakosea. Akanieleza tena, na ulimi wake ukachoka, maneno yakachanganyika, sikuelewa kama anasema juu au mbele. Vidole vyangu vilikuwa vinawaka moto.

"Si hiyo," akasema. "Si hiyo. Si hiyo."

Halafu akafanya jambo ambalo naliona mpaka leo. Aliuchukua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauinua kutoka kwenye mto, akauweka kwenye shingo ya besi. Akavipanga vidole kimoja kimoja juu ya nyuzi, kwa subira. Akauachia. Mkono ukateleza ukaanguka mapajani.

"Umesahau," akasema.

Hayat akazima simu akaingia ndani.

Jioni nilimsindikiza Shivachi hadi Ngong Road. Tulipopita kando ya Toi, wauza nguo wakifunga mitumba yao, akaanza kunisifu. "Fundi, ile kazi umeifanya! Ile sauti, hata enzi zetu mahotelini hatukuwa nayo." Kila neno lilinichoma. Nikasimama nikamwambia yote, kwamba pikapu ya zamani haikuwa imekufa, kwamba ilikuwa kwenye droo, na kwamba Jumatano ile ningeweza kumpa gitaa lake.

Watu walipita kushoto na kulia kwetu.

"Kwa hivyo ile Jumamosi tungeingia," akasema.

"Mngeingia."

"Angekuja Kawangware na mikono yake miwili."

Akaupangusa uso wake wote kwa kiganja. "Mimi usiniombe msamaha, dada. Sijui hata nikuambie nini. Mwambie mwenyewe. Mimi na yeye tulipoteza miaka kwa sababu kila mmoja alingoja mwenzake aseme kwanza." Akavuka barabara bila kuniaga.

Ilinichukua siku kumi. Nilienda mara mbili nikageuka kabla ya kufika lango. Mara ya tatu nikamkuta Mzee barazani, Hayat akimnyoosha vidole kimoja kimoja kwa mafuta ya nazi. Nilisimama, sikukaa. Nilisema kwa maneno machache, bila kujitetea, ingawa njiani nilikuwa nimeandaa utetezi mrefu.

Mzee aliniangalia. "Ilikuwa... nzima?"

"Ilikuwa nzima."

Akafumba macho. Nilingoja anitukane. Nadhani ningeshukuru.

"Kageha," Hayat akasema polepole, mkono wa baba yake bado mikononi mwake, "toka kwetu."

Nikatoka.

Mwezi Juni Shivachi akanipigia. Walikuwa wameamua wimbo urekodiwe hata hivyo. Mzee mwenyewe alitaka, na alitaka upigwe kwa besi ile ile. Besi ingepigwa na Mitchelle, binti anayepiga kanisani kwao Shivachi. Akaniita niwepo, kama kitu kitakorofisha.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimebandikwa trei za mayai na blanketi. Mitchelle alikuwa na vidole vyepesi. Alikuwa ameisikiliza rekodi ya Hayat, zile noti tano, akaanza nazo kwa heshima. Baada ya hapo alilazimika kutafuta njia yake. Shivachi aliuliza, "Nuria, umenifungulia mlango?" na besi ikajibu vizuri, jibu la msichana mwerevu ambaye hajawahi kuolewa wala kurudi nyumbani alfajiri kutoka kwa harusi za watu.

Kijana wa studio akanivisha hedifoni. "Sikia hii besi, sistee. Haina noise hata kidogo. Nani aliifanya?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimeota kuulizwa. Sauti ilikuwa kila kitu nilichoahidi, nene, safi, na kati ya noti moja na nyingine kulikuwa na kimya kitupu. Nikamwambia ni mimi. Nikavua hedifoni nikatoka nje nikasimama kando ya rundo la mabati.

Nilisikia baadaye kwamba Hayat alimchezea baba yake wimbo ule kwa simu, akausikiliza mara mbili. Alisema ni mzuri. Kisha akamwambia ampeleke ndani alale.

Julai, baridi ikiwa imekaza, Hayat akasimama mlangoni pa kibanda changu. Hakunisalimia.

"Redio ya baba inakwaruza," akasema. "Nilitaka kuipeleka kwa fundi wa hapo karibu na msikiti. Baba akakataa. Anasema uje wewe, uifanyie pale pale akiona." Akatazama pembeni. "Na anasema usiongeze kitu."

Nikachukua bisibisi na chuma cha lehemu, nikamfuata. Mzee alikuwa kitini, shuka mabegani, redio mbele yake kwenye meza ndogo. Aliniitikia salamu kwa kichwa. Nikaifungua redio. Waya mmoja wa spika ulikuwa umelegea. Nikauunga kwa tone moja, nikafunga skrubu zote nne, na muda wote huo aliiangalia mikono yangu, hakuangalia uso wangu hata mara moja.

Nikawasha. Sauti ya mtangazaji ikatoka safi, akisoma habari za mvua.

"Hapo," Mzee akasema. "Iache hapo."

Nikakusanya vyombo vyangu. Hayat akatoka jikoni na kikombe cha chai ya tangawizi, akakiweka karibu nami. Nikaketi mwisho wa benchi nikakinywa polepole, sote watatu tukiisikiliza redio, mpaka habari zikaisha.